Andika Tu Jina Lake

Asifiwe mwanangu,

Tuko nyumba moja na bado nakuandikia, kwa hiyo salamu tuziache. Wewe umeenda kusukwa nywele kwa jirani, baba yako amelala chini ya lori anahangaika na breki, na mimi nimejifungia chumbani. Kesho asubuhi utapanda basi la Kampala. Mambo ya chakula, ya baridi na ya simu sitayagusa, tumeyasema mpaka umechoka kuyasikia. Nataka kukueleza jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Kila nikianza sauti inakatika, na wewe unadhani nalia kwa sababu unaondoka.

Nimekisoma kile kitabu cha kanuni ulichotumiwa na chuo chako. Nimekisoma chote, unanijua, mimi ni mwalimu na pia sekretere wa idara ya biashara, na kazi yangu ni kusoma vitu ambavyo wengine wanavitupa. Nimeona kwa nini umekasirika. Hawakubali kredi zako zote za mwaka ulioufanya hapa Goma, wanataka nyingi uzitafute kwao. Huwezi kuingia hesabu za gharama kabla ya kufaulu hesabu za msingi. Ukikosa vipindi vingi huingii kwenye mtihani. Bila staji, yaani zile wiki za kwenda kufanya kazi kwenye biashara ya watu, na bila kuandika na kutetea kazi ya mwisho, hawakupi shahada hata kama alama zako zinang'aa. Ulisema mezani, "Hawa watu wanapenda tu kunyanyasa." Baba yako akacheka. Mimi niliacha ugali wangu nikatoka nje. Hukuniuliza nilitoka kwa nini.

Ilikuwa kwa sababu ya Muzee Bonane.

Unajua kwamba alikufa. Tulikuambia ni vita, basi, na wewe ulikuwa kwa shangazi yako Gisenyi, hukuona kitu. Lakini vita ni neno la kufunika maiti tu. Chini yake kuna mtu aliyefanya kitu fulani, na mwingine aliyemfanyia.

Muzee Bonane nilimfahamu kabla hujazaliwa. Alinifundisha hesabu za gharama. Alikuwa mwembamba, mkali, anakunywa chai yenye tangawizi mpaka macho yanamtoka machozi, na mwanafunzi akichelewa anamwambia, "Karibu mutalii." Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa natapika kila asubuhi na vipindi vikanipita. Nikaenda kwake na tumbo langu nikamwomba aniache niingie kwenye mtihani. Akanipa kiti, akanipa chai yake, kisha akaniambia hapana, mwaka ujao. Mwaka mzima, Asifiwe! Nilimlaani mpaka nikakauka ulimi. Niliporudi ofisini kwake kuchukua cheti changu cha matibabu, nikamkuta mbele yake mtoto wa mkubwa mmoja wa mji, amevaa vizuri, na dereva wa baba yake amesimama mlangoni. Naye aliambiwa hapana, kwa maneno yale yale. Ila yeye hakupewa chai. Nikarudi nyumbani nikiwa bado na hasira, lakini haikuwa tena hasira ya mtu aliyedharauliwa. Nilikuzaa, nikarudi, nikasoma naye mwaka mzima, na nilipomaliza yeye ndiye aliyenitafutia kazi ninayofanya mpaka leo.

Siku alipokufa tulikuwa kwenye kikao cha kupitisha alama. Mji ulikuwa umeshabadilisha wenyewe. Walioingia na bunduki ni akina nani sitaandika hapa, wewe unawajua, na barua hii itapita kwenye barabara yenye vizuizi. Milio ilikuwa imenyamaza. Wanafunzi walikuwa wamefanya mitihani yao wakiwa na njaa, na Muzee Bonane, akiwa prezida wa juri, yaani mwenyekiti wa kikao hicho, alikataa kuahirisha. Alisema watoto wakingoja amani ndipo wapate alama zao, watazeeka.

Tulifunga mlango kama kanuni inavyotaka. Tukasoma majina. Tulipofika kwa Olivier hatukukaa sana. Alikuwa kijana wa mwaka wa mwisho, mpole, anayekaa nyuma. Hakuwa amefanya staji. TFC yake, ile kazi ya mwisho aliyokuwa anaiandika chini ya Muzee Bonane mwenyewe, ilikuwa nusu. Masomo mawili hakuwa na alama kwa sababu hakuhudhuria. Muzee akasema, "Kichwa iko nayo. Miguu ndiyo hana. Arudi mwaka ujao." Nikaandika.

Mlango haukugongwa. Ulivunjwa.

Waliingia wanaume wanne, na mbele yao mmoja mwenye koti safi la kijeshi, ananukia manukato. Akauliza, "Nani prezida hapa?"

"Ni mimi," Muzee akasema. "Na hii ni kikao ya juri. Munisubirie inje, tukimaliza nitawapokea."

Yule mtu akacheka kidogo. "Mudogo wangu anaitwa Olivier. Jina yake iko?"

"Iko. Lakini hajamaliza."

"Andika amemaliza."

"Hajafanya staji. Hajatetea TFC. Masomo mbili hana alama."

"Muzee, nakuomba vizuri. Andika tu jina yake."

"Atarudi mwaka ujao. Ni mutoto mwenye akili, usimuharibie."

Kitako cha bunduki kikampata mdomoni. Nilisikia meno kabla ya kuona damu. Yalianguka juu ya meza, mbele yangu, na moja likabaki limenata kwenye karatasi. Mwalimu mmoja akaruka dirishani, akaangukia yale mawe ya volkano uani na kuvunjika mguu, tukawa tunamsikia analia huko chini. Wengine wakalala sakafuni. Mimi nilibaki kwenye kiti changu.

Yule mtu akanigeukia. "Ni weye unaandika hapa?" Akaniwekea mdomo wa bunduki shingoni, chini ya sikio. Ulikuwa na joto, sijui kwa nini, mpaka leo najiuliza ulikuwa umetoka wapi. Nikachukua kalamu. Sitakudanganya, mwanangu, ningeandika. Nilishaanza herufi ya kwanza. Nilikufikiria wewe, nikafikiria baba yako barabarani na lori, na nikaona jina ni kitu kidogo sana.

Basi Muzee Bonane, na mdomo wake ule uliopasuka, akaweka kiganja juu ya karatasi. Hakuweza kusema vizuri. Alisema, "Bila sahihi yangu haina maana. Mwache mama." Yule mtu akashusha bunduki kutoka shingoni mwangu, akaiweka juu ya mkono wa Muzee, akapiga. Risasi ilipita mkono, karatasi na meza. Nilikuwa kiziwi. Niliona mdomo wa Muzee umefunguka na sikusikia anapiga kelele.

Hapo ndipo Olivier alipoingia anakimbia. Nadhani kuna mwanafunzi aliyempigia simu. Alikuwa amevaa kandambili. Akamshika yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, koti kwa nyuma. Masikio yangu yalianza kufunguka, na hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia: "Yaya, acha! Ni kweli sijafanya staji! Ni kweli!"

Kaka yake akamgeukia akampiga na kitako cha bunduki kwenye taya, mara moja, kama anayepasua kuni. Olivier akaanguka kwenye magoti yangu. Halafu yule mtu, kwa aibu nadhani, kwa sababu mdogo wake alikuwa amemwaibisha mbele ya watu wake, akamgeukia Muzee akampiga risasi mbili kifuani. Wakamburuta Olivier kwa ukosi wa shati, wakaondoka.

Tulimbeba Muzee Bonane kwenye pazia la dirisha. Alikufa kabla ya kufika kwenye geti la hospitali, ameshika kidole changu kwa ule mkono mzima. Kile kitenge changu cha maua ulichokuwa ukiniuliza kiko wapi, nilikichoma nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo nilikuwa mtu mbaya. Wewe uliniona nachelewa kuamka, nakasirikia sufuria. Hukujua nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nikitembea kwenda kazini naokota jiwe, nalitia kwenye mkoba, nafika nalo ofisini. Kila siku. Nilijiona nampasua mtu kichwa. Na kwa kuwa yule kaka mwenye bunduki nisingemfikia, kichwa nilichokipasua kwenye mawazo yangu kilikuwa cha Olivier.

Siku moja akaja. Mvua ilikuwa imenyesha, uani kulikuwa kweusi tupu. Niliona kivuli dirishani, nikainua macho, ni yeye, na taya yake imepona vibaya, imeenda upande. Alitaka kujiandikisha tena. Nilitoka kwa mlango wa pembeni na ule muhuri wa chuma wa ofisi mkononi, nikampiga nao. Nilimpiga kichwani, nikampiga begani, alipoinama nikampiga mgongoni. Hakuinua mkono hata kujikinga. Nilikuwa napiga kelele, "Ni meno yake! Ni mkono wake!" Mlinzi akaja kunishika kiuno, nikamng'ata. Watu walitoka nje wakidhani mimi ndiye ninayepigwa.

Olivier alikaa chini ukutani, damu inamwingia jichoni. Akasema taratibu, kwa sababu ile taya haimruhusu kusema haraka, "Mama sekretere, ukimaliza kunipiga, uniambie staji inaanza lini."

Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa sakafuni kati ya makabati.

Asifiwe, kanuni zilisema nini? Nilizifungua siku ile ile nikitafuta mahali pa kumfukuzia. Nilizisoma kama mtu anayetafuta kisu jikoni. Mwanafunzi aliyebakiza staji, TFC na masomo mawili, ambaye muda wake wa kumaliza haujapita, ana haki ya kurudi. Hakuna neno juu ya kaka zake. Kama aliyemwongoza TFC hayupo tena, idara inampa mwingine. Mkuu wetu aliwauliza walimu mmoja mmoja, na kila mmoja akasema hapana. Mwishowe akaniangalia mimi, maana na mimi nafundisha. Nilisema ndiyo, na nakuomba usinisifu, kwa sababu nilisema ndiyo ili awe mikononi mwangu.

Nilimpeleka staji Kalengera, kwenye ghala la ushirika wa wakulima wa maharagwe. Kesho basi lako litapita pale, baada ya Rumangabo. Angalia upande wa kushoto, utaona mabati mekundu. Nilichagua mbali na nilichagua kubaya, kwa sababu wakati ule barabara ile ilikuwa inachukua watu. Mwalimu anatakiwa kumtembelea mwanafunzi wake kwenye staji, ni kanuni, kwa hiyo nami ilibidi nipande. Kwenye kizuizi kimoja walimshusha kijana aliyekuwa amekaa mbele yangu kwenye gari. Walimpiga kwa mikanda mpaka akanyamaza, kisha wakatuambia tuendelee, na yeye akabaki pale, amelala kwenye majani. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kitu. Tukafika Kalengera.

Nilimkuta Olivier ghalani, shati limejaa vumbi, anabishana na mama mmoja mkulima juu ya mzani. Yule mama alikuwa anasema mzani unamwibia. Olivier akaufungua, akamwonyesha ndani, akausafisha, akapima upya, na kweli ulikuwa unamwibia. Akamwita msimamizi akamwambia mbele ya wote. Msimamizi alimpiga kofi. Akarudi kupima mifuko iliyobaki.

Tulipokuwa wawili akaniambia, "Mama, yaya amekufa. Walimpiga risasi huko mbele, kwenye mapigano. Jana wameniletea habari."

Nilicheka. Ilinitoka tu, kwa sauti, ndani ya ghala la maharagwe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Olivier akaniangalia na jicho moja limejaa maji, akangoja nimalize. Alikuwa amempoteza kaka aliyemlea, aliyemlipia shule tangu baba yao afe, na aliyemvunja taya. Nami nikamchekea. Kisha akaniletea karatasi zake za kazi nizikague, na nikazikagua.

TFC yake haikuwa nzuri sana. Ilikuwa ya kweli, kwenye hesabu za ghala kama lile, lakini Kifaransa chake kilikuwa kinachechemea. Yale masomo mawili, moja lilikuwa langu. Nilikuwa na karatasi yake ya mtihani mbele yangu na kalamu mkononi, na kulikuwa na swali moja ambalo ningeweza kumpa au kumnyima, na hakuna ambaye angenilaumu. Hata kaka yake mwenye bunduki hakuwepo tena wa kunitisha. Nguvu yote ilikuwa kwangu. Nakuambia, ni utamu mbaya. Nilijua siku ile yule mtu mwenye manukato alikuwa anasikia nini alipotuangalia mezani.

Nilimpelekea mwenzangu ile karatasi, nikafunika jina, nikamwambia asahihishe yeye. Kanuni inaruhusu. Alimpa alama ya kupita, si zaidi. Nikaiandika.

Siku ya kutangaza waliofaulu ukumbi ulijaa. Familia zilileta ngoma na maua. Mama Esperansi, mjane wa Muzee Bonane, alikuwa amekaa mstari wa mbele na nguo nyeusi, kwa kuwa idara ilimwalika. Nilisoma majina, watu wanashangilia, wanapiga vigelegele, wanawamwagia watoto wao unga wa kusherehekea. Nikafika kwa Olivier. Nikasoma jina lake, nikasoma jina la kazi yake, nikasoma kama tunavyosoma kwa wote: ilianza chini ya marehemu Profesa Bonane, ikamalizika chini yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Olivier alisimama peke yake, na ile taya yake, anaangalia sakafu. Ukumbi mzima ulijua.

Mama Esperansi akasimama. Nilidhani anakuja kumpiga, na nikajua sitamzuia. Akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Tena. Kwa sauti."

Nikasoma mara ya tatu, na nilipofika kwenye jina la mume wake sauti ilinitoka mpaka nje uani. Mama Esperansi akaitikia kwa kichwa, akakaa. Hakumwangalia Olivier, na Olivier hakumwendea. Sasa Olivier yuko Butembo, anafanya kazi, sijui zaidi. Hatuandikiani. Sijamsamehe kitu, maana sijui nimsamehe nini. Kaka yake bado namuua kila wiki kwenye usingizi.

Sasa nifike kwako.

Siku ile tulipopokea majibu ya Kampala ulinifuata ofisini. Ulikuwa na ile karatasi yako ya alama, na pale kwenye hesabu za biashara palikuwa wazi, kwa sababu vita viliingia wiki ya mtihani na wewe, ukiwa Gisenyi, hukuufanya. Ukaniegemea begani kama ulivyokuwa unafanya ukiwa mdogo, ukasema, "Mama, andika tu. Andika tu alama ya kupita. Nani atajua?" Nikakupiga. Sikukupiga kofi la mama. Nilikupiga kwa ngumi, ukagonga kabati, mdomo ukapasuka, na nilipoona damu kwenye meno yako nikakimbia nikakuacha pale. Hukumwambia baba yako. Ulisema umeanguka.

Sasa unajua nilisikia sauti ya nani. Lakini haikuwa yake, ilikuwa yako, na wewe hukuwa na bunduki, ulikuwa umechoka tu na unataka kuendelea na maisha kama watoto wa nchi nyingine. Ngumi ile haikuwa haki yako. Naomba unisamehe hiyo. Alama siandiki.

Utarudia hesabu zile na watoto waliotoka sekondari juzi, na watakuita dada mkubwa, na mwalimu atakufundisha vitu unavyovijua. Kaa darasani. Usiniambie Kampala hakuna wanaouza alama na wanaouza kazi za mwisho zilizoandikwa tayari. Watakufuata, watakuita rafiki, na watakuwa na sura nzuri kuliko wenye bunduki. Nakuachia wewe.

Nasikia baba yako anapiga honi kujaribu lori, maana yake breki zimekubali. Nawe nasikia unacheka na jirani nje, nywele zimekwisha.

Jambo la mwisho. Siku moja utaanguka mtihani. Kila mtu anaanguka. Utaogopa kunipigia simu, ukikumbuka lile kabati. Nipigie mimi wa kwanza, kabla ya baba yako, kabla ya rafiki zako. Sitapiga kelele. Nitakuuliza tu mtihani wa marudio ni lini.

Mama yako